Binti anakwenda kusoma Ubelgiji: nimfungie chakula gani?

Mzazi, Kadutu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Binti yangu ataondoka mwezi wa tisa kwenda kusoma Louvain-la-Neuve, naye ni wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Kilo alizopewa kwenye ndege ni chache, ilhali kila shangazi anakuja na furushi lake: sambaza wakavu (dagaa wa ziwa Kivu), unga wa muhogo, sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa, hata jibini ya Masisi. Naomba waliosoma huko waniambie kipi kitamfaa na kipi kitamlemea bure.

Aliyerudi, Muhumba

Mama, nakusalimu kwa heshima. Nilisoma katika mji huohuo miaka mitano, na nimerudi nyumbani mwaka jana.

Nianze na jibini, maana jibu lake ni jepesi: iacheni. Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri atokaye kwetu kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa, hata kipande cha kula njiani. Samaki hukubaliwa hadi kilo 20. Majani mabichi hudaiwa cheti cha afya ya mimea, na matunda machache tu ndiyo yaliyosamehewa, ndizi na nanasi yakiwamo. Jibini yangu ilitupwa kwenye pipa pale Zaventem, uwanja wa ndege wa Bruxelles, nami nikiitazama.

Sambaza nilibeba kilo mbili, nikajiwekea sheria ya kutowagusa ila siku ambayo moyo umelemewa kabisa. Kwa kuwa kila siku nilijiambia kwamba kesho huenda ikawa mbaya zaidi, walikaa kabatini hadi mwezi wa pili, mafuta yao yakachacha, na nilipofungua mfuko nilipokewa na harufu kama ya rangi ya ukuta. Kumbe sambaza wenyewe ni wahamiaji: walitolewa ziwa Tanganyika wakapandikizwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, nao walizoea maji mapya upesi kuliko mimi. Mwambie binti awale mwezi wa kwanza, wakiwa bado wana ladha.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kusonga bugali. Nyumbani sufuria huteremshwa chini, mpishi akaketi kwenye kibao na kuibana kwa miguu anaposukuma mwiko. Huko unaishi katika kot, ndivyo wanavyoita nyumba za wanafunzi, na jiko lake ni bapa la kioo, refu kufikia kiuno, linaloteleza kama sahani iliyolowa. Jioni ya kwanza nilisukuma mwiko, na sufuria ikazunguka pamoja nao; nilijaribu kuibana kwa kiwiko nikaungua. Mbelgiji wa chumba cha jirani, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alichukua taulo akashika vishikio viwili bila kuulizwa, akaegemea kwa uzito wake wote, nami nikasonga. Mkono wangu ulikuwa umezoea kupikia watu tisa, kwa hiyo bugali ule ulitutosha sote wawili na ukabaki wa kesho. Aliula kwa uma, akaukata vipande vya mraba kama keki. Tangu siku hiyo sikuwahi kusonga peke yangu.

Mwaka wa pili sina mengi ya kujisifia. Mwanafunzi mgeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nami nilizitumia zote nikiosha vyombo katika mkahawa, nikirudi kot usiku nikala mkate nimesimama mbele ya friji. Wiki za kujiandaa kwa mitihani, ambazo wao huziita blocus, nilikula tambi bila mchuzi siku sita mfululizo. Sikuwa maskini kiasi hicho. Nilikuwa nimeanza kukiona chakula kuwa kitu kinachoniibia saa za kusoma. Hapo ndipo pa kumfuatilia binti yako, Mama, kuliko kwenye begi. Ukimpigia simu usimwulize kama amekula, maana atasema ndiyo. Mwulize amekula na nani.

Mwaka wa tatu nilianza kupika Jumapili na wenzangu. Unga wa kwetu ulipokuwa ghali, nilichemsha semule, yaani chenga za ngano, hadi ikalainika, kisha nikaongeza unga wa muhogo kidogo ili ivutike. Mama yangu angeuita uji ulioshupaa, lakini mimi niliupenda, na leo niko hapa Muhumba nikiutamani. Niliporudi sikuweza kumaliza sahani niliyotengewa, na wajomba wakasema nimekuwa mzungu. Sina jibu la kuwapa, kwa sababu tumbo kweli limebadilika.

Mwanafunzi, Liège

Yaya, mkubwa wangu, nakuunga mkono isipokuwa kwa sombe, kwani hukuitaja. Iliyotwangwa na kugandishwa inapatikana Matonge, Bruxelles, mtaa uliopewa jina la ule wa Kinshasa, na wauzaji wengi huiita pondu. Kutoka Louvain-la-Neuve binti atapanda treni hadi kituo cha Bruxelles-Luxembourg, na kutoka hapo atatembea kwa miguu muda mfupi tu. Asisahau kuichemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, hata kama inaonekana laini, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga peke yake hakutoshi. Mwenzangu mmoja alitaka kuipasha moto dakika tano kama mchicha, nilimnyang'anya sahani.

Mzazi, Kadutu

Nawashukuru, wanangu. Jibini tumeila jana. Sombe itabaki hapa, sambaza watapungua wawe nusu kilo, na unga utakuwa wa wiki mbili. Sasa pamebaki nafasi katika begi, na shangazi yake hataki aondoke na begi lenye nafasi.

Aliyerudi, Muhumba

Mwekeeni mwiko, Mama. Miiko ya maduka ya huko ni myembamba na hupinda. Chagueni pale sokoni Kadutu wa mti mgumu, wenye mpini mfupi unaoingia katika begi bila kukaa mshazari, na mumpe miwili, kwa sababu wa kwanza utaazimwa.