Naomba ushauri: katuni moja, washindi wawili, inawezekana?

MchoraKatuni_Busia
Wakuu, habari za jioni. Niko Busia, upande wa Uganda. Mchana naandika mabango ya maduka na namba za malori, usiku natengeneza katuni kwenye laptopu. Nina mfululizo wangu unaotembea kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mpakani, wa kuyakejeli yale mashindano ya runinga ambako watu hufungiwa mahali na kila wiki mmoja anatimuliwa. Walioona Total Drama Island ya Wakanada watanielewa mara moja: mtangazaji Chris McLean anawatesa vijana 22 kambini kwa ajili ya dola 100,000, wanaingia chooni kusengenyana mbele ya kamera, na jioni asiyepewa mashimelo (zile peremende laini za kuchoma motoni) anaondoka na Boti ya Walioshindwa.

Yangu ina wafanyabiashara tisa kwenye yadi ya malori. Badala ya choo, wanasengenyana ndani ya kabini ya lori lililokwama kwenye foleni ya forodha. Badala ya mashimelo, andazi. Asiyepata andazi anapakiwa nyuma ya baiskeli na kuvushwa ng'ambo, kibegi mapajani.

Imebaki sehemu ya mwisho. Waliobaki ni Mama Vitenge na Chapo, kijana wa chapati. Swali langu ni la kiufundi tu: nikitoa miisho miwili, mmoja ashinde Mama Vitenge na mwingine ashinde Chapo, kuna ubaya? Wakanada wenyewe walifanya hivyo. Owen alishinda, lakini zipo nchi zilizoonyeshwa Gwen akishinda. Naomba majibu ya haraka, Jumapili inaonyeshwa kibandani na usingizi sina.

Kifaru_wa_Tororo
Chapo ashinde. Uzi ufungwe.

Mama_Rehema_Jinja
Asante kwa kulileta hili. Wanangu walikuwa wanaitazama hiyo ya Wakanada, nikadhani katuni ni katuni tu, nikaendelea na ufuaji wangu. Siku moja namsikia mdogo anamwambia dada yake "nakupigia kura utoke nyumbani". Nikakaa nikatazama nao. Yule mpishi Hatchet anawapikia watoto wa watu uchafu, na yule Heather kazi yake fitina kutwa. Wazazi tuwe macho. Wewe mchoraji, je, yako ina matusi?

Pikseli_Mombasa
Kiufundi ni rahisi. Kama umetumia vikaragosi vya viungo (kichwa peke yake, mkono peke yake, midomo kwenye faili lake), huna haja ya kuchora upya. Wakanada walitumia Flash, ile programu ya kuchezesha michoro, ndiyo maana utaona mtu anageuza shingo vilevile kila sehemu. Chukua onyesho la ushindi, badilisha anayenyanyua zawadi, badilisha sura za wanaopiga makofi, pachika sauti mpya. Mapicha 12 kwa sekunde yanatosha kabisa kwa simu. Midomo unayo mingapi? Mimi nina nane na ile ya "mb" na "mw" ni moja, hakuna aliyewahi kugundua.

Ssalongo_Masaka
Mmenikumbusha 2003, Big Brother ya kwanza ya Afrika. Gaetano Kagwa wetu ndani ya nyumba, mwanafunzi wa sheria Makerere, nchi nzima imesimama. Mimi nilikuwa na baa ndogo yenye runinga. Mchungaji wa jirani anahubiri Jumapili dhidi ya kipindi, Jumatatu shemasi wake yuko kwangu kona ya nyuma na soda moja saa tatu nzima. Soda moja! Mwishoni akashinda Cherise wa Zambia, wateja wakanidai mimi maelezo kana kwamba kura nilihesabu mimi. Runinga ile nimeiuza juzijuzi tu.

Afande_Mstaafu
Kijana, nimesoma mara mbili. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya kikaragosi. Sema kilichopo.

MchoraKatuni_Busia
@Pikseli asante sana kaka, viungo ninavyo. @Mama Rehema matusi hakuna, kuna ofisa mmoja tu anaomba "chai", akatoka sehemu ya pili. @Afande shikamoo mzee, ni presha ya mashabiki tu.

Afande_Mstaafu
Marahaba. Mashabiki wanataka nini kwako?

MchoraKatuni_Busia
Wanataka Chapo.

Kifaru_wa_Tororo
Nilisema.

Afande_Mstaafu
Basi mpe Chapo. Kwa nini miisho miwili?

Dada_Kasese
Na mashabiki wametaka Chapo kwa njia gani? Umewauliza au wamepiga kura? Maana nimeona kwenye simu ya mtu katuni moja ya Busia ina namba ya pesa chini ya picha.

MchoraKatuni_Busia
Sawa. Kura zilikuwepo. Shilingi 500 kura moja kwa pesa ya simu, unaandika jina la mshiriki kwenye sababu ya malipo. Ilikuwa sehemu ya kejeli yenyewe, jamani! Huwezi kuyacheka mashindano ya runinga ukaacha lile tangazo la "piga kura uwezavyo". Mtangazaji wangu analisema huku amelala juu ya noti. Watu walicheka, kisha wakatuma. Mimi sikumlazimisha mtu.

Na zawadi ipo, tulitangaza baiskeli mpya na mtaji wa shilingi 300,000 kwa mtu halisi anayeweka sauti ya mshindi. Sauti zote ni za wafanyabiashara wa hapa hapa.

Karani_Mbale
Hapo umetoka kwenye katuni umeingia kwenye sheria. Uganda ina Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016, na ina bodi yake. Kukusanya pesa za umma kwa ahadi ya zawadi si jambo la kuamua peke yako usiku na laptopu. Nenda kaulize kabla hujaulizwa.

Mtumishi_wa_Soroti
Ndugu yangu, hiyo ni kamari iliyovaa nguo za watoto. Mia tano ya mama muuza dagaa ni chumvi ya nyumba. Nakuombea.

Bosco_Ntinda
Mtumishi, punguza. Mimi 2010 nilimaliza mshahara wa nusu mwezi kumpigia kura Davis Ntare kwenye Tusker Project Fame, lile shindano la kuimba la runinga. SMS juu ya SMS. Alishinda! Nilirudi nyumbani naimba, mke wangu akaniuliza unga uko wapi. Lakini nilijua kura yangu imehesabiwa, ndiyo tofauti. Mchoraji, kura zako zimehesabiwa?

MchoraKatuni_Busia
Zimehesabiwa. Chapo anaongoza mbali. Lakini hadithi ina mantiki yake, msanii si karani wa tume ya uchaguzi. Tangu sehemu ya kwanza nilimjenga Mama Vitenge ashinde, ndiye anayewageuza wote kwa ulimi. Total Drama ni script mwanzo mpaka mwisho, kuna mtu aliwahi kumdai Owen pesa? Na huo mwisho wa Mama Vitenge nimeshaumaliza, nimeshampa mwenye kibanda kwenye flashi, na bango nimeliandika mwenyewe, lina kitenge.

Wazo langu ni hili: kibanda cha upande wa Uganda kionyeshe Mama Vitenge, upande wa Kenya nionyeshe Chapo, maana kura zake nyingi zilitoka kule. Kila upande ufurahi.

Kifaru_wa_Tororo
Busia Kenya na Busia Uganda! Watu wanavuka kununua chumvi na wanarudi sufuria haijachemka, wewe unataka kuwagawia washindi! 🤣🤣 Mtu ataona Chapo saa nane, avuke, amkute Mama Vitenge saa kumi. Ukiulizwa utasema Chapo amekwama kwenye foleni ya malori.

Pikseli_Mombasa
Kwa upande wa faili, hilo linawezekana.

Ssalongo_Masaka
Yule shemasi, nilisahau kusema, baadaye alifungua baa yake mwenyewe.

Dada_Kasese
Kaka, mimi narudi palepale. Watu wanamtaka Chapo, pesa za Chapo umekula, Mama Vitenge umeshampa ushindi. Huyu mama ni nani yako?

MchoraKatuni_Busia
Sijala, zimeingia kwenye betri ya laptopu na bando.

Dada_Kasese
Sikuuliza betri.

Afande_Mstaafu
Jibu, kijana.

MchoraKatuni_Busia
Sauti ya Mama Vitenge ni ya mama mzazi wa mchumba wangu. Mwezi ujao wazee wangu wanakwenda kwao kuzungumza mahari. Ameshatangaza sokoni kwamba atashinda, ameshaagiza mtu wa kumpeleka baiskeli nyumbani. Kaka zake ndio watakaokaa upande wa pili wa mkeka wakihesabu ng'ombe. Sasa niambieni, wewe mwenye busara zako, ungemtimua nyuma ya baiskeli bila andazi? Kila mtu hapa ni mtakatifu mpaka afike ukweni.

Bosco_Ntinda
Banange! Kumbe tangu mwanzo tunajadili ng'ombe.

Mama_Rehema_Jinja
Mpe mama mkwe ushindi mwanangu. Katuni inasahaulika, ukweni ni maisha.

Mtumishi_wa_Soroti
Mama Rehema! Dakika chache zilizopita ulikuwa unatuonya kuhusu fitina.

Mama_Rehema_Jinja
Ile ilikuwa ya Heather.

Ssalongo_Masaka
Ngojeni kidogo. Mimi ni Muganda, huku kwetu mwanamume na mama mkwe hawagusani, hata kukaa sehemu moja ni shida. Nimeishi mashariki pia, heshima hiyo iko. Huyu amemrekodi mama mkwe akitukana watu ndani ya kabini ya lori, sehemu baada ya sehemu, na bado anapeleka mahari? Hii hadithi ni ya kutunga.

Karani_Mbale
Nami nilikuwa na wasiwasi. Angalieni inavyotoka: kwanza swali la kiufundi, kisha kura, kisha zawadi, kisha mkwe. Kila tukibonyeza kinatoka kitu. Hivyo ndivyo vipindi vyenyewe vinavyoandikwa.

Bosco_Ntinda
Na tazameni tulivyokaa. Afande ni mwamuzi, Kifaru ni mchekeshaji, Dada Kasese ndiye yule mchunguzi, Mtumishi anaombea watu. Huyu anakusanya maneno yetu ya sehemu ya mwisho! Sisi ndio tumo kwenye kabini ya lori.

Kifaru_wa_Tororo
Kama ni hivyo mimi nataka andazi langu.

Pikseli_Mombasa
Mimi midomo yangu nane msiitumie bila ruhusa.

MchoraKatuni_Busia
Sijatunga. @Ssalongo, sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Binti yake anapeleka simu, mama anasoma mistari kwa sauti jikoni, nami natumiwa sauti peke yake. Ndiyo maana kwenye sehemu ya nne nyuma ya Mama Vitenge unasikia kuku na mchi kwenye kinu. Nilijaribu kuzitoa nikashindwa, nikachora kuku ndani ya kabini. Watu wakampenda yule kuku kuliko washiriki wengine wote.

Dada_Kasese
Kuku nimemwona! Ana kitambulisho shingoni.

Karani_Mbale
Kuku kuwepo hakuthibitishi mkwe. Dada umeona katuni, hujaona mahari.

Afande_Mstaafu
Niseme lililo la kawaida. Kuna mambo mawili umeyafunga kamba moja. Nani anashinda kwenye picha, hiyo ni kazi yako, amua. Baiskeli na laki tatu, hizo ziliahidiwa kwa kura. Mwenye kura nyingi apewe zake hata kama kwenye katuni amevushwa ng'ambo. Na umpigie Karani faraghani kuhusu hiyo bodi.

MchoraKatuni_Busia
Mzee nakuelewa, lakini mama anajua baiskeli inakwenda na ushindi. Nikimpa Chapo baiskeli sokoni mchana kweupe na mama ameshinda usiku kibandani, nimewaudhi wote wawili. Nafikiria mama achukue baiskeli, Chapo achukue ile laki tatu, na mtangazaji aseme ni sheria mpya. Hata Chris McLean hubadilisha sheria katikati ya mchezo. Sauti ya mtangazaji ni yangu, narekodi leo usiku.

Mtumishi_wa_Soroti
Hukuja kuomba ushauri wewe. Ulikuja kutusomea tangazo.

Bosco_Ntinda
Bado nasema ni script. Hakuna mtu hapa anayemfahamu, hakuna aliyetuma hata shilingi.

Wanyama_Malaba
Nimekaa kimya nasoma tangu mwanzo. Mimi nilituma. 500 mara sita, zote Chapo, na ujumbe wa malipo ninao hapa kwenye simu. Huyo Chapo namjua, anakaanga karibu na maegesho ya malori na mayai hapunji. Sijui chochote kuhusu mkwe wa mtu. Kama baiskeli inakwenda ukweni, nirudishiwe 3,000 yangu na makato ya kutuma.

Kifaru_wa_Tororo
Eeeeh. Mshiriki mpya ameingia kambini.

Dada_Kasese
Bosco, uko wapi?

MchoraKatuni_Busia
@Wanyama samahani kaka, majina ya waliotuma hayatokei yote kwenye orodha yangu. Ulituma kwa laini ya Uganda au ya Kenya?

Wanyama_Malaba
Ya Uganda. Na niko na wenzangu wanne hapa stendi, wote Chapo, nimewasomea uzi wako. Wanauliza kibanda kinafunguliwa saa ngapi Jumapili.