Mpangaji wa kuchorwa! Huyu jamaa wa mradi katuchosha

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua: yule bwana wa majengo ya katikati ya mji, hata akipiga chafya anatoa "mtaa changamfu".

Jengo lao la kwanza, juu wapangaji wamejaa hadi darini, chini fremu za maduka zote tupu. Vioo vina vumbi la kuandikia jina, na karatasi ya INAPANGISHWA imepauka ikabaki INA. Jengo la pili wanataka chini yote fremu tena! Nikauliza kwa adabu, mpangaji ni nani? Akakunjua mchoro, akaweka kidole juu ya katuni mwenye kikombe: "Huyu hapa."

Huyu hapa! Mtu hana hata uso!

Nikasema basi fremu zikae upande wa barabarani tu, nyuma wekeni nyumba, watu hawana pa kulala. Akagonga kidole palepale. Huyu hapa. Nitakiota hicho kidole hadi kaburini.

Kichwa Maji: Umegombana na katuni, na katuni kashinda.

Mama Wawili: Afadhali fremu tupu. Kwetu chini waliweka nyumba. Nikifungua pazia nakutana macho kwa macho na mtu anasubiri basi.

Dalali Mstaafu: Benki hupima thamani ya jengo kwa pango linaloingia. Mwenye jengo akishusha pango, thamani inashuka na mkopo unamkaba, ndiyo maana anaona heri fremu ikae tupu. San Francisco walipiga kura mwaka 2020, fremu ikikaa tupu mno mwenyewe atozwe kodi.

Mleta uzi: Mzee, mimi nimeambiwa HUYU HAPA!

Kichwa Maji: Tupia picha yake, huenda ananidai.

Jirani Mchovu: Shukuruni ziko tupu. Kwetu alipangishwa mwenye mgahawa, na jengo halikuachiwa njia ya bomba la moshi hadi paani. Bomba limetokezwa chini ya dirisha langu. Mashuka yote yananuka vitunguu.

Mama Wawili: Moshi si kitu, malori yanashusha mizigo saa kumi alfajiri!

Jirani Mchovu: Lori linaondoka, dada. Kitunguu hakiondoki.

Kichwa Maji: Wapi hapo? Wana chipsi?