Ruaha Mkuu: wafugaji tuliwahamisha, mto bado unakauka. Mabanio yafungwe kiangazi?

Kijana wa Igurusi (mleta mada):
Wakuu, mwaka jana mwezi wa nane nilisimama kando ya mfereji mmoja upande wa Rujewa. Mpunga ulishavunwa zamani, majarubani yamebaki mabua na kunguru, lakini banio (kizuizi cha kuchepusha maji ya mto) liko wazi na mfereji unatiririka maji ya magotini na kwenda kumwaga kwenye nyasi mwisho wa shamba. Hakuna anayemwagilia chochote. Siku tatu baadaye nikawa Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Mto ni ule ule, ila huku ni mchanga mtupu, na viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope mpaka hujui kichwa hiki ni cha yupi.

Kwa wasioujua: Ruaha Mkuu unakusanya mito ya Usangu wilayani Mbarali, unaingia kinamasi cha Ihefu, unatokea Ng'iriama, unapita hifadhini, halafu mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Zamani kiangazi ulipungua tu. Mwaka 1993 ukakata, na tangu hapo kukata ndiyo kawaida yake. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Sumaye aliahidi, akiwa London, kwamba kufikia 2010 utatiririka mwaka mzima. 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa, ng'ombe wakapelekwa Lindi na Pwani. 2008 Ihefu ikaingizwa hifadhini. 2022 mto ukakauka zaidi ya siku 100. Ng'ombe walihamishwa, maji hayakurudi.

Na tuliambiwa mapema. Utafiti wa mradi wa ardhioevu ya Usangu, SMUWC (1999 hadi 2001), kisha mradi wa utafiti wa maji wa RIPARWIN, wa Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na wenzao wa nje, ulionyesha kwamba kinachomaliza mto kiangazi ni maji yanayochepushwa kwenye mifereji, si kwato za ng'ombe. Kuna jambo moja mle lilinikaa kichwani. Banio la kienyeji la miti, mawe na majani lilikuwa linavuja, na kile kilichovuja ndicho kilichokuwa mto. Tukaja na miradi, tukajenga mabanio ya zege yasiyovuja, tukaita maboresho. Juu yake tukagawa vibali vya maji. Mtu akishalipia kibali anaona maji ni yake Januari hadi Desemba, awe analima au amelala.

Hoja yangu: mabanio yote yafungwe kuanzia tarehe 1 Julai hadi mvua za Novemba. Karibuni tubishane.

Fundi Taa:
Mkuu umeruka umeme. Kidatu megawati 204, Mtera 80. Miaka ya 90 tulikaa gizani kwa sababu ya huo mpunga. Mimi naunga mkono, wafunge hata Machi.

Kijana wa Igurusi:
Hapo sitakubali uniunge mkono kwa hoja mbovu. Mtera linajazwa na maji ya masika, ya kiangazi ni tone tu. Watafiti waliopiga hesabu za ule mgao wa umeme waliona kwamba Mtera ilikuwa ikifunguliwa bila kuhesabu maji ya mito inayoingia kati yake na Kidatu. Kidatu ikapokea kuliko mahitaji yake. Lakini kumlaumu mkulima wa Mbarali ilikuwa rahisi, hana msemaji.

Ng'ombe Hakunywa:
Mfugaji je, alikuwa na msemaji? Baba yangu alifika Lindi na nusu ya kundi. Leo mnakuja na "utafiti ulishasema". Ulisema 2001, sisi tumehamishwa 2006. Nani aliusoma?

Mama Jaruba:
Mleta mada, umeona mfereji ukasema hakuna anayemwagilia. Ulikaa dakika ngapi pale? Ungekaa mpaka saa kumi na mbili asubuhi ungetuona na ndoo. Huo mfereji ndilo bomba letu. Tunakunywa humo, tunafua humo, vijana wanafyatua matofali, mimi nina matuta ya mchicha yanayosomesha mtoto. Ukifunga banio tarehe 1 Julai, tarehe 2 nachota wapi? Kijijini kwetu kuna pampu moja, mpini umekatika, tumeripoti tukachoka.

Kijana wa Igurusi:
Mama, shikamoo. Hilo la kunywa nimeliandika vibaya, nalikubali. Lakini hizo ndoo zenu zote ukizijumlisha ni sehemu ndogo sana ya kinachopita kwenye mfereji. Tunachepusha mto mzima ili tupate ndoo. Visima vichimbwe kwanza, kisha tufunge.

Mama Jaruba:
Marahaba. "Kwanza" hiyo nimeisikia tangu sijaolewa.

Gololi Moja:
Nilikuwa kwenye mafunzo ya wale watafiti miaka ile. Walileta ubao wenye mteremko, wamechonga mto katikati na mabanio pembeni, wakamwaga gololi juu. Kila mtu anaweka kijiti chake kukinga gololi zake. Mzee mmoja wa juu akajaza shamba lote, gololi zinadondoka sakafuni, na bado kijiti hatoi. Wa chini wamekaa na mashimo matupu. Kicheko kikakatika. Mchana watu wa juu na wa chini wakaanza kupanga zamu wenyewe, bila polisi. Kwa hiyo mimi nasema zamu, si kufuli.

Ila mjue na hili: hata mkifunga vyote, Ihefu inakunywa kwanza. Ng'iriama ni mwamba, maji ya kinamasi yasipofika juu yake hayatoki. Hesabu zao zilikuwa kwamba ili itoke nusu mita ya ujazo kwa sekunde kiangazi, lazima ziingie kama 7. Ni karibu mara mbili ya zilizokuwa zinaingia wakati ule.

Fundi Taa:
Si kulikuwa na mradi wa REGROW, ule wa utalii na hifadhi za kusini uliofadhiliwa na Benki ya Dunia? Dola milioni 150, na maji ya Usangu yalikuwemo.

Ng'ombe Hakunywa:
Benki ya Dunia ilisimamisha malipo Aprili 2024, Novemba ukafutwa. Sababu ni yale yale ya kuondoa watu. Ninyi hamjifunzi.

Kijana wa Igurusi:
Sawa, narekebisha hoja. Kila banio la zege liwe na geti linalofungika, libaki tundu la maji ya nyumbani tu, la kipimo kinachojulikana. Zamu zipangwe na jumuiya za watumia maji, kuanzia juu hadi chini, na kibali kihesabu msimu. Mama Jaruba, hapo unasemaje?

Mama Jaruba:
Tundu nalikubali, mchicha wangu ukihesabiwa. Ufunguo wa geti atakaa nao nani?

Gololi Moja:
Geti lipi, mama? La kwetu liling'olewa likauzwa chuma chakavu. Tunaziba kwa magunia ya mchanga.