Tupeane uzoefu: siku uliyoingia yadi kununua gari, bei ilikwendaje?

Ndezi Mtulivu (mleta uzi)
Wakuu, leo nimepita yadi moja Kinondoni kuangalia IST. Kijana kanitajia milioni 14 na nusu. Sikujibu kitu, nikachuchumaa kuangalia tairi. Akasema, "Kaka, kwa wewe 14." Nikahamia tairi ya nyuma, bado nimechuchumaa, ikawa 13.8. Nimepunguziwa laki saba bila kufungua mdomo.

Ndiyo nikakumbuka Vitz yangu ya kwanza, 2016. Nilitajiwa bei, nikasema "nipunguzie kidogo basi", jamaa akatoa laki moja, nikamshukuru kwa mikono miwili na soda nikamnunulia. Leo usiku roho inaniuma upya. Nani mwingine kapigwa, na nani alitoka salama?

Chapati Mbili
Kesho naenda yadi na mkeka kabisa.

Bibie 88
Mimi nilienda na mdogo wangu, yuko form six, gari anajua rangi tu. Hela iko kwenye akaunti yangu, anayeelezwa injini ni yeye. "Broo, hii injini ni 1NZ, mafuta inanusa tu." Mtoto anatikisa kichwa kama mkurugenzi. Kwangu mimi muuzaji alikuwa na sentensi moja: "Dada, rangi imekupenda." Nikamwambia mdogo wangu kwa sauti, twende, hawa hawauzi. Tulipofika getini akanikimbilia, ndipo akaanza kuongea na mimi, na ilishuka milioni na laki mbili. Nikajiona mjanja. Nimetoka hapo, mita kama mia tatu, gari limezima. Halina mafuta! Nimesukumwa mpaka sheli na vijana wa bodaboda nikiwa na viatu vya harusi, maana nilitaka nipitie kwa shangazi kutamba.

Fundi Bomba
Gari la yadi halina mafuta hata siku moja, hilo kila mtu anajua.

Bibie 88
Kila mtu yupi? Mimi nilizaliwa yadi?

Mzee wa Kilitaimu
Vijana, mimi nililizwa na fundi, siyo na muuzaji. Nilitaka Rav4 ile mnayoiita Kilitaimu. Nikachukua fundi wangu wa miaka mingi, nikamlipa elfu hamsini na chakula. Akafungua boneti, akapapasa, akasikiliza mlio kama daktari, akatamka: "Mzee, injini kavu, beba." Nikabeba. Mwezi wa pili gari linatetemeka asubuhi kama lina homa. Kumbe ni D4, ile injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na fundi alijua, maana kifuniko cha injini kimeandikwa kwa herufi kubwa. Nilikuja kuambiwa na kijana wa yadi ile ile, tulipokutana msibani, kwamba fundi wangu alichukua laki tatu kwao. Amekula kwangu na amekula kwao. Sasa hivi nikienda kukagua gari nachukua fundi nisiyemjua, namwokota mtaa mwingine, namwambia bei ya kazi yake nikiwa tayari njiani ili asipate nafasi ya kumpigia mtu simu.

Fundi Bomba
Siyo mafundi wote mzee wangu. Na D4 ukiitunza haina shida.

Chapati Mbili
Fundi Bomba ulikula shilingi ngapi kwenye ile Rav4?

Agiza Mwenyewe
Nyie mnateseka bure. Agizeni Japani. Gari unalichagua kwenye simu, unalipa, linakuja na karatasi ya mnada, grade ya ubora wake unaiona, kilometa hazijachezewa. Yadi za nini karne hii?

Baba Wawili
Haya mambo ya "agiza Japani" huwa mnayaeleza nusu. Niliagiza, nikatamba ofisini kwamba gari nimelipata kwa bei ya pikipiki tatu. Kodi ikaja. Ushuru wa forodha 25% ya thamani, na thamani ni ile ya kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, siyo ya risiti yako. Hapo juu ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, 5% ukivuka cc 1000 na 10% ukivuka 2000. Gari likizidi miaka 10 kuna 30% nyingine ya uchakavu. Ukimaliza kujumlisha vyote, VAT 18% inakaa juu ya ule mlima. Piga hesabu mwenyewe kwa gari kuukuu la cc 1300: kodi inakaribia kulingana na gari lenyewe. Bado bandari, bado wakala wa forodha ambaye kila siku ana "kuna kitu kidogo kimeongezeka bosi". Nilipomaliza, tofauti yangu na yadi ilikuwa laki nane, na nilisubiri miezi miwili na nusu nikipanda daladala.

Agiza Mwenyewe
Wewe ulikosea gari. Ungechukua lisilofika miaka 8 uchakavu haukuhusu.

Baba Wawili
Na hilo la chini ya miaka 8 bei yake Japani unailipa wewe?

Agiza Mwenyewe
Sibishani na mtu anayelinganisha gari na pikipiki.

Yadi Boy
Nimesoma nimevumilia. Miaka sita nauza magari, siwezi kutaja wapi. Ngojeni niwaambie mnavyojichongea.

Kwanza, gari unaloliona yadi si lazima liwe la yadi. Kuna ya bosi, aliyoyaagiza yeye. Kuna ya watu, wameyaleta tuwauzie, yadi inachukua chake. Na kuna ambayo dalali kayaegesha tu kwa kujuana. Bosi ananipa bei ya chini, tuseme 13. Nikiuza 13.9, ile laki tisa ina wenyewe, mimi nimo, dalali aliyekuleta yumo. Sasa wewe umekuja na dalali umemwokota Facebook, halafu unashangaa haishuki. Itashukaje, na cha juu chake keshakipanda kabla hujashuka kwenye bajaji?

Pili, mteja akifika anatangaza "mimi nina 15 tu". Asante sana mkuu, gari la 13 limekuwa 15. Tatu, angalia vumbi. Siyo la boneti, hilo tunafuta kila asubuhi. La kwenye fito za juu ya paa na ndani ya tundu la mafuta. Gari lililokaa miezi mitano bosi analiota usiku, hela yake imelala pale na mzigo mwingine unashuka bandarini. Hilo ndilo la kuliwekea mdomo. Lililoshushwa wiki hii hata ukilia sipunguzi zaidi ya laki tatu.

Mgosi wa Lushoto
Kwa hiyo na "gari lilikuwa la daktari mwanamke, anaendea kanisani tu" huwa ni kweli?

Yadi Boy
Nimeuza magari ya madaktari wengi sana. Nchi ina madaktari wengi.

Bibie 88
Mungu anakuona wewe.

Kobe wa Ruvu
Huyu Yadi Boy aliposema "ya watu, wameyaleta tuwauzie" nikaweka simu chini. Nimeamua niandike.

2019. Harrier, ile mnayoiita tako la nyani, namba D (usajili wa herufi D), rangi ya lulu. Waliomba 24. Nilijiandaa kubishana wiki nzima, nimeangalia video za kukagua gari, nimesoma lebo ya mkanda mpaka mwaka nikaujua, nimenyonga usukani kulia na kushoto. Nikasema 20. Jamaa akaguna, akaenda pembeni kuongea na simu, akarudi: 21 na nusu, chukua. Dakika kumi, milioni mbili na nusu chini. Nilitoka pale najiona mwanaume. Nikalipa 20 siku hiyo hiyo, iliyobaki uhamisho wa umiliki ukikamilika. Kadi iko wapi? "Iko kwa mtu wetu wa TRA, anashughulikia." Ufunguo wa pili? "Uko nyumbani kwa bosi, Jumatatu."

Jumatatu ikapita. Siku ya tisa naamka nyumbani Kibamba, natoka nje, gari hakuna. Kioo hakijavunjwa, hakuna hata kipande cha waya chini. Namuuliza mlinzi. Ananiambia, "Bosi, alikuja mama mmoja na kijana, wakabonyeza, likalia pii pii, wakaingia. Mama akaniaga vizuri tu."

Ngoja, naitwa kazini. Nakuja.

Chapati Mbili
WEWE KOBE RUDI HAPA.

Mgosi wa Lushoto
Nimeweka kambi. Hata uji nakunywea hapa.

Fundi Bomba
Hii chai. Mlinzi gani anaagwa?

Agiza Mwenyewe
Ndiyo maana nasema Japani.

Baba Wawili
Nyamaza kwanza wewe.

Kobe wa Ruvu
Nimerudi. Fundi Bomba, chai ni ile niliyopewa na huyo mama, subiri.

Nilikwenda polisi kuripoti wizi. Nataja namba ya gari, askari ananitazama, anafungua daftari: gari lilishafunguliwa kesi siku nne kabla. Na mimi ndiye niliyekuwa nalo! Nikaketishwa benchi. Mchana mama akaja na kadi halisi na ufunguo. Gari la marehemu mumewe. Aliliweka yadi liuzwe, kila akipiga simu anaambiwa wateja wanaangalia tu. Siku moja yuko kwenye foleni Kimara, analiona gari lake mbele yake, naendesha mimi, nimefungulia muziki. Akamwambia mwanawe, fuata. Walinifuata mpaka getini.

Tulikwenda yadi wote, mimi, mama, kijana na askari. Magari yapo matatu ya watu wengine, ofisi imefungwa, simu haipatikani. Mama ndiye alinichukua kwake akanipa chai, mikono inanitetemeka. Jamaa alipatikana baada ya miezi minne. Mpaka leo nimelipwa milioni 9, laki mbili leo, laki tatu mwezi ujao, kama mchango wa kikoba. Na gari mama aliliuza. Kabla ya kuliuza alinipigia, "Baba, kama bado unalitaka nakufikiria wewe kwanza." Nikamwambia mama, nilishalinunua mara moja, imetosha.

Wakili Uchwara
Pole sana. Ila na mama mwenyewe, kama kadi ilikuwa na jina la marehemu, alitakiwa awe na barua ya usimamizi wa mirathi kabla ya kuuza. Kwa hiyo hata angekuuzia uso kwa uso bila mirathi ungekuwa na kesi na mashemeji zake.

Bibie 88
Mtu kapoteza milioni 11 wewe unamletea mashemeji.

Wakili Uchwara
Nasaidia wengine. Hela iende kwa jina lililoandikwa kwenye kadi, na uhamisho ufanyike mkiwa wote. Kama siyo hivyo usitoe hata shilingi. Na faini za trafiki ziangalieni kwenye mfumo wa polisi, deni linafuata gari.

Mzee wa Kilitaimu
Mimi nashauri ulipe taslimu mezani. Mtu akiona noti anapunguza.

Wakili Uchwara
Mzee, hapana. Benki.

Mzee wa Kilitaimu
Noti zina ushawishi wake kijana.

Msafiri wa Likoni
Mimi niko Mombasa, huku wenzenu tunaambiwa "logbook iko process", yaani kadi ya gari bado inashughulikiwa. Nilingoja process miezi saba. Huku afadhali gari kuukuu sana haliingii, ukipita miaka minane toka lisajiliwe mara ya kwanza linakataliwa, lakini bei basi inakuwa ya kununua shamba. Kidogo nilichojifunza: yadi ikikwama kwa bei, acha kuomba pesa, omba vitu. Mimi walikataa kushuka elfu thelathini, lakini wakanipa tairi nne mpya na betri bila kinyongo.

Fundi Bomba
Tairi zitazame tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka. "Mpya" ya yadi inaweza kuwa ya 2015.

Chapati Mbili
Hapo umeongea Fundi. Nakusamehe laki tatu za mzee.

Yadi Boy
Kobe, pole mkuu. Siyo sisi wote. Ila bei iliyoshuka milioni mbili na nusu kwa dakika kumi, hata mimi ningekimbia.

Kobe wa Ruvu
Ungeniambia 2019.

Ndezi Mtulivu
Nimerudi wakuu, natokea yadi. Nimechuchumaa tairi zote nne, tumefika 13.4 pamoja na mazulia. Kadi nimeiona kwa macho, jina ni la kampuni ya yadi yenyewe. Kesho asubuhi naenda kulipa benki. Kilichobaki ufunguo wa pili tu, kijana anasema uko kwa bosi, ataleta Jumatatu.

Bibie 88
Ndezi.

Mgosi wa Lushoto
Ndezi kaka yangu, Jumatatu?

Kobe wa Ruvu
Nipe namba ya bosi wake nimuulize jambo moja.

Kipusa wa Tabata
Samahani kuingilia, nani ana Passo namba D? Bajeti yangu ni 7 tu.

Yadi Boy
Njoo inbox dada, lilikuwa la daktari.