Kuku wa Mama Rehema: gumzo la Majirani wa Kihonda

*Jumatatu jioni*

Mama Rehema: Habari za jioni majirani, poleni na majukumu. Naomba msaada. Kuku wangu wametoka vipele vyeusi usoni, wawili macho hayafunguki kabisa. Wamejikunyata tu kwenye kona ya banda. [picha]

Neema wa Duka: Jamani pole mama 😢 Huyo wa mbele si yule anayekuja kudonoa mchele wangu kila siku?

Mama Rehema: Ndiye huyo huyo.

Baba Jose: Uza kesho alfajiri kabla hawajafa. Sokoni hakuna anayeangalia uso wa kuku.

Halima (Admin): Baba Jose!! Halafu anayenunua awapeleke wapi? Si kwenye banda lake lenye kuku wazima?

Baba Jose: Nimetania jamani.

Bi Mwajuma: Mama Rehema hicho ni kideri. Chukua shubiri, katakata, loweka kwenye maji yao, na majani ya mwarobaini uponde humo humo. Wasipewe maji mengine mpaka wapone. Mie nafuga kuku tangu wewe hujazaliwa.

Mama Rehema: Shikamoo Bi Mwajuma, ahsante. Mwarobaini uko hapa uani, ngoja nichume.

Mzee Mkude: Usichume kwanza mwanangu.

Mzee Mkude: Kinyesi chao kikoje? Kuna aliyepinda shingo au anayeburuta bawa? Na wamekufa wangapi?

Mama Rehema: Shikamoo mzee. Kinyesi cha kawaida, shingo ziko sawa. Hajafa hata mmoja ila wanakonda, hawali.

Mzee Mkude: Marahaba. Basi siyo kideri. Kideri kingekuwa kimeshafagia banda. Kuku anahema mdomo wazi, anahara kijani, shingo inajinyonga mpaka anatazama mgongo wake, na kundi ambalo halijachanjwa linaweza kwisha karibu lote. Hiyo ni ndui. Angalia vipele vilipo: kwenye upanga, ndevu na kope, pale pasipo na manyoya. Mbu ndio wanaoisambaza sana, na kwa mvua hizi na madimbwi ya mtaa wetu, wala sishangai.

Neema wa Duka: Lile dimbwi la pale kona tumelisema tangu mwezi uliopita.

Halima (Admin): Neema, la dimbwi tuliweke kwenye kikao. Mzee endelea.

Mzee Mkude: Mama Rehema, mfungue mdomo mmoja mmoja, umulike na tochi ya simu. Ukiona utando wa njano kooni nitumie picha. Ndui ya usoni kuku wengi wanapona wenyewe, wiki tatu nne hivi. Ya kooni ndiyo mbaya, inawaziba pumzi.

Mama Rehema: [picha] [picha] Naona pasafi.

Mzee Mkude: Pasafi kweli. Mshukuru Mungu. Sasa kinachoweza kuwaua hao si ndui, ni njaa na kiu. Kuku asiyeona hali. Anasimama juu ya chakula na hajui kipo.

Bi Mwajuma: Kwa hiyo mwarobaini haufai? Wazee wetu walikuwa wajinga?

Mzee Mkude: Hawakuwa wajinga mtani wangu, ila sijasikia mzee aliyemnyima mgonjwa maji. Wewe unaujua uchungu wa mwarobaini. Kuku mzima mwenyewe anaonja anatikisa kichwa anaondoka, itakuwa huyu anayeumwa? Ukimwekea hayo tu, hanywi, na jua la hapa siku moja inatosha. Shubiri nayo utomvu wake unaharisha. Kuku wa kideri anahara tayari, halafu unamwongezea?

Bi Mwajuma: Mbona mwaka ule niliwapa wangu na walipona?

Mzee Mkude: Walipona wangapi?

Bi Mwajuma: Watatu.

Mzee Mkude: Kati ya wangapi?

Bi Mwajuma: Kati ya wengi.

Baba Jose: 😂😂😂 Bi Mwajuma nimekupenda bure

Bi Mwajuma: Wewe nyamaza, uliyetaka kuwauzia watu ndui.

Mzee Mkude: Hao watatu walikuwa na kinga yao. Wapo wa namna hiyo kila kundi. Mama Rehema, fanya hivi leo leo. Watenge wagonjwa na wazima, na wazima uwahudumie kwanza, wagonjwa mwisho. Macho: maji ya vuguvugu, chumvi kidogo sana, kitambaa laini. Kiweke juu ya jicho mpaka gaga lilainike lenyewe. Usibandue kwa kucha. Utamtoa damu, na gaga lenyewe limejaa virusi, likidondoka linakaa kwenye vumbi la banda miezi. Yakidondoka okota, choma moto.

Mama Rehema: Na kulisha?

Mzee Mkude: Mfunge kwenye khanga mabawa yatulie, mpakate. Chovya ncha ya mdomo kwenye maji, atakunywa mwenyewe. Akikataa tumia bomba la sindano bila sindano, tone tone pembeni ya mdomo, umwache ameze. Ukimmiminia kooni yanaingia kwenye mapafu. Chakula lowanisha pumba iwe laini, au vidonge vya ugali mlaini. Saga majani ya mlonge au mchicha uchanganye humo, yana vitamini A, inasaidia macho na ngozi. Glukosi ya dukani kwenye maji siku mbili tatu inawapa nguvu.

Neema wa Duka: Glukosi ipo, bado pakiti nne.

Halima (Admin): Neema biashara hailali 😂

Mama Rehema: Vipele nipake nini? Shemeji ananiambia mafuta ya taa.

Mzee Mkude: Mafuta ya taa yanaunguza, tena karibu na jicho! Oili chafu vilevile hapana. Paka iodini kwa pamba, mbali na jicho. Huna, paka mafuta ya nazi na manjano kidogo. Hayaui kirusi ila yanalainisha ngozi na hayamdhuru.

Bi Mwajuma: Kumbe dawa za asili nyingine unazikubali.

Mzee Mkude: Nazikubali zisipomtesa kuku. Hata kitunguu saumu ponda kidogo changanya kwenye chakula, sina ugomvi nacho. Na mwarobaini wako una kazi: choma majani makavu jioni nje ya banda, upande upepo unakotokea, kufukuza mbu. Nje, siyo ndani. Kuku hana mapafu ya kuvumilia moshi.

Baba Jose: Na zile kapsuli za rangi mbili? Mimi huwa namwaga moja kwenye ndoo.

Mzee Mkude: Hizo ni antibayotiki, haziui virusi. Daktari wa mifugo anaweza kutoa ya kuku kama vidonda vimeingia usaha, na hapo mayai hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Siyo kumwaga kwenye ndoo.

Baba Jose: Nimeelewa mzee.

*Ijumaa asubuhi*

Mama Rehema: Majirani, yule mdonoaji wa mchele amefungua jicho moja! Mwingine bado namlisha kwa mkono, ila leo kaninyea khanga, naona nguvu zinarudi. Mmoja mdogo alikufa usiku wa jana.

Neema wa Duka: Pole mama. Mchele nimeufunika.

Mzee Mkude: Pole sana. Huyo umemfukia?

Mama Rehema: Nimemchoma, majivu nikafukia.

Mzee Mkude: Vizuri. Akifa mwingine ghafla, usichome. Mfunge kwenye mifuko miwili mpeleke hospitali ya wanyama pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, wampasue, tujue kama kuna kingine kimejificha. Na wale wazima wasio na kipele, mtaalamu anaweza kuwachanja ndui hata sasa, wagonjwa wakiwa bado wachache. Wanachomwa kwenye ngozi ya bawa. Kwa kideri hakuna nafasi hiyo, kikishaingia bandani chanjo imechelewa.

Halima (Admin): Hiyo ya kideri ni ipi mzee? Na mimi nina vifaranga.

Mzee Mkude: I-2, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasioumwa tu. Haiharibiki haraka kwa joto kama nyingine, lakini isipigwe jua. Shida ni kwamba chupa moja ni ya kuku mamia na ikishafunguliwa haitunzwi mpaka msimu ujao. Mwenye kuku sita anaona hasara, anaacha. Ndiyo maana mtaa wetu kila kiangazi unalia.

Halima (Admin): Basi tuchange chupa moja mtaa mzima. Andikeni idadi hapa. Mimi 14.

Neema wa Duka: 5

Bi Mwajuma: 22. Na mwarobaini nitachoma vilevile.

Mzee Mkude: Choma mtani, nje ya banda.

Mama Rehema: Wangu 8 wazima. Wagonjwa je?

Mzee Mkude: Wasubiri wapone kabisa, tutawachanja awamu inayofuata.

Baba Jose: Mimi nina jogoo mmoja tu, naye anahesabiwa?

Halima (Admin): Anahesabiwa, na unachangia kama wengine. Ila mfungie tangu usiku, mwaka jana alitukimbiza mpaka kwa Mama Rehema.