Mjadala: Tunamhitaji Sokoine mwingine, au ofisi zinazokwenda hata bosi akiwa safarini?

Wadau, kila ikifika Aprili 12, siku aliyofariki waziri mkuu Edward Sokoine mwaka 1984, maneno ni yale yale: nchi inamhitaji Sokoine mwingine. Namheshimu sana Sokoine, na bado sikubaliani na hoja hiyo.

Edward Moringe Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu Februari 1983, nchi ikiwa hoi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni ya RTC, maduka ya serikali ya mkoa, au kwa mlanguzi. Mwezi uliofuata msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wanaoficha bidhaa, ukaanza. Kasi, uadilifu na kutowaogopa wakubwa, vyote alikuwa navyo. Waliokuwepo wanasimulia bidhaa zilivyotupwa vichakani usiku kwa hofu.

Lakini tazameni msako huo ulivyoendeshwa. Watu walianza kukamatwa Machi, sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma ili iwanase. Kesi zilisikilizwa na baraza maalumu, mawakili hawakuruhusiwa. Mwaka 1984 sheria ile ikafutwa, kesi za uhujumu zikapelekwa Mahakama Kuu na mawakili wakaruhusiwa. Na madukani bidhaa zilianza kurudi lini? Baada ya bajeti ya 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza mali. Wakati huo Sokoine alikuwa ameshatutoka kwa ajali ya gari pale Dakawa, akitoka Dodoma. Nguvu yake yote ilimwandama aliyeficha sabuni, wakati kiwanda cha sabuni chenyewe hakikuwa na malighafi. Haraka ya mtu hodari ina hatari hiyo: inakamata kinachoonekana kwanza.

Nimefanya kazi katika halmashauri moja chini ya mkurugenzi mchapakazi kweli kweli. Saa moja kasoro asubuhi yuko ofisini, na rushwa hapokei. Ila kila dokezo lazima lipite kwake, hata la mafuta ya gari la wagonjwa. Akienda Dodoma anaacha kaimu kwa barua, na kaimu hasaini kitu. Mafaili yanapandana, masijala jibu ni moja tu: "Ngoja bosi arudi." Kaimu huyo hakuwa mvivu. Aliwahi kusaini malipo halali kabisa, bosi aliporudi akamuuliza kwenye kikao, mbele ya watumishi wote, nani kamruhusu. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kupokea simu tu.

Nadhani hii ndiyo taabu kubwa ya viongozi hodari, na wengi wao hawaioni. Kiongozi wa aina hii anaona haraka kuliko walio chini yake, kwa hiyo anaamua mwenyewe. Walio chini wanaacha kuamua. Baada ya mwaka anawatazama, anaona kweli hawawezi kuamua, anazidi kujitwisha. Halali vizuri, simu inaita usiku wa manane, na habari mbaya zinamfikia za mwisho kwa sababu kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuzileta.

Najua mtanijibu kwa mfano wa hospitali ya Muhimbili. Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Magufuli alitinga pale bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni na mashine za vipimo za MRI na CT hazifanyi kazi. Akavunja bodi, akamwondoa kaimu mkurugenzi, na mashine zikatengenezwa ndani ya siku chache. Hilo silibezi hata kidogo. Aliyekuwa anasubiri kipimo wiki ile alipimwa kwa sababu ya ukali ule. Ninachouliza ni kwa nini fundi aitwe na rais. Mazoea hayo ya kusubiri amri tuliyaona tena mwaka 2020, takwimu za korona zilipoishia kwenye wagonjwa 509 na zisitangazwe tena hadi Magufuli alipofariki Machi 2021. Wataalamu walikuwepo. Nani kati yao angesimama kusema namba nyingine?

Kuna mfano wa kinyume, hatuuzungumzi sana. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama cha TANU. Serikali haikuanguka. Mwenyewe baadaye alikuwa na mambo yake, operesheni vijiji ya kuhamishia watu vijijini kwa nguvu ikiwamo, lakini kuachia kiti kikiwa bado cha moto ni uwezo ambao wachapakazi wengi hawana.

Sasa ninyi mnaotaka Sokoine mwingine, nijibuni: huyo mtu tutampimaje? Mimi ningeanza na wiki ambayo hayupo. Kaimu amesaini nini, na aliyesaini vibaya amefanywa nini? Mwenye kipimo kingine akilete, na ningependa zaidi kuwasikia mliowahi kukaimu.