Wazee wa Manchester United hapa Kondele, Kisumu, nani aliwadanganya kwamba straika ndio dawa ya kila kitu??

Wazee, leo ni Alhamisi 28 Agosti 2025, nimeamka na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Jana nimelala saa saba usiku, saa kumi na moja niko sokoni nashusha nyanya, macho mekundu kama mtu ametoka matangani, na hiyo yote ni sababu ya timu iliyotolewa na Grimsby. GRIMSBY. Daraja la nne huko Uingereza. Nusu yenu jana asubuhi hamkujua kama Grimsby ni mji ama ni dawa ya mbu.

Kwa wale walilala mapema (mlibarikiwa): dakika ya 30 tayari tuko chini mbili, Mbeumo akarudisha moja, Maguire akarudisha ya pili mechi ikikaribia kuisha, tukaenda penalti, zikapigwa zikapigwa mpaka mwenye kibanda cha kuonyesha mpira akaanza kupanga viti juu ya vingine na sisi tumevikalia. 12-11. Cunha alikuwa na nafasi ya kumaliza kila kitu, kipa akapangua. Mbeumo ya kwanza akafunga, mzunguko ukarudi kwake, ya pili akagonga mwamba. Basi. Watu wakatoka kimya kimya kama wametoka kuangalia maiti.

Na sehemu inaniuma zaidi ni hii. Upande wa Grimsby aliyekosa ni mtu mmoja tu, na ni wuod Siaya, Clarke Oduor! Alipoingia kipindi cha pili kibanda kizima kililipuka, hata sisi wenye jezi nyekundu tulipiga makofi juu damu ni damu, halafu akapiga ile yake kipa wetu Onana akaidaka, yaani mtoto wa nyumbani anakuandalia meza anakunawisha mikono na bado unashindwa kula. Yawa!

Kumbukeni pia Ijumaa nilikuwa nimeshalia na Harambee Stars, timu yetu ya taifa, Madagascar wakatutoa CHAN pale Kasarani kwa hizo hizo penalti. Siku tano nimevunjwa moyo mara mbili kwa njia moja. Hata presha inahitaji kupumzika.

Sasa mnisikize. Hasira yangu si ya Grimsby. Grimsby walifanya kazi yao. Hasira yangu ni ya nyinyi wenzangu, mashabiki wa United wa hapa Kondele, Nyalenda, Manyatta na wale wa kutoka Mamboleo mnakuja tu mechi kubwa. Tangu Juni mmekaa kwa hicho kibanda na pale stage ya boda mkisajili wachezaji kama mna pesa ya klabu mfukoni, na kila mkisajili mnasajili straika. Mimi mtu mmoja nikauliza, jameni kiungo je? Mkanicheka. Fundi wa simu akaniambia eti mimi nina roho ya Arsenal. Mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema "kijana, mabao ndiyo yanashinda mechi." Nikanyamaza juu ni mwalimu. Leo sinyamazi.

Cunha akaja, milioni 62.5 za pauni, mkapiga honi barabara nzima. Mbeumo akaja, 65 na nyongeza juu, honi tena. Sesko akaja kutoka Leipzig, hapo ndio mlirukwa na akili kabisa, boda mmoja akaandika jina lake kwa madgadi kabla kijana hata hajagusa mpira. Watu watatu wa mbele, karibu pauni milioni 200. Na katikati? Katikati kuna Casemiro ambaye ana miaka 33, Ugarte ambaye mnamtukana kila wiki, Mainoo ambaye kocha hampangi, na Bruno ambaye ni namba kumi amerudishwa nyuma kufagia. Hiyo ni sawa na mtu ametoka ufuoni Dunga na samaki watatu wakubwa wa ngege, amefika nyumbani anajigamba, mama watoto anamuuliza na unga? Hakuna unga. Omera utakula ngege na nini?

Na si kwamba ilijificha. Mechi ya kwanza Arsenal walitufunga moja ya kona, Bayindir akipiga hewa, tukasema ni kipa. Sawa, kipa pia ni shida nakubali. Lakini Fulham Jumapili? Mlitazama kweli ama mlikuwa mnatazama simu? Bruno alipaisha penalti, hiyo ndio mlibeba mkaongea mpaka usiku, lakini muda wote Fulham walikuwa wanapita katikati yetu kama watu wanakata njia kwa shamba halina ua. Kocha wetu Amorim anacheza mabeki watatu, maanake katikati unabaki na watu wawili tu dhidi ya watatu wa wengine. Wawili! Kwa huo mfumo hao wawili lazima wawe na mapafu ya farasi. Sasa mwekee Casemiro na Bruno halafu ushangae.

Halafu mnaniambia shida ni ya mwaka huu. Kwani nyinyi mlizaliwa jana? Hii klabu imekuwa ikinunua vibaya tangu kocha Fergie aondoke 2013. Dirisha la kwanza kabisa la usajili la Moyes aliyemrithi, Fellaini alikuwa na kipengele cha kumtoa Everton kwa 23.5, wakalala mpaka muda ukapita, siku ya mwisho wakamlipia 27.5. Mtu anangoja bei ipande ndio anunue! Mimi nikifanya hivyo na nyanya nafunga biashara mwezi mmoja. Di Maria karibu milioni 60, mwaka mmoja akaenda PSG kwa hasara. Pogba aliondoka bure 2012, akarudishwa kwa 89, akaondoka bure tena 2022, hiyo hata sina maneno. Sancho. Antony. Kila kocha anakuja na orodha yake, anafukuzwa, anayefuata anakuta watu hawataki anaanza orodha mpya, na kila mara sisi tuko stage tunapiga honi.

Nani alikuwa anacheza katikati na tukamuuza? McTominay. Agosti 2024, Napoli, kama milioni 25 hivi, na nyinyi nyinyi mkasema "aende, si wa levo yetu." Msimu huo huo akabeba ligi ya Italia na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Sisi tukamaliza namba 15 na pointi 42, tukapoteza fainali ya Europa kwa Tottenham, TOTTENHAM, na sasa hatuna Ulaya. Kipa naye, Henderson tulimuuza Palace, Mei akadaka penalti ya City fainali ya FA na kombe likaenda Palace. Lakini si levo yetu. Levo yetu ni Grimsby.

Sasa hii wiki gumzo limegeuka, kila mtu ni Baleba Baleba, yule kiungo wa Brighton. Wale wale walinicheka Juni ndio sasa wananifundisha mimi umuhimu wa kiungo! Brighton wanataka zaidi ya milioni 100, na Brighton si watu wa kupunguza bei, waulizeni Chelsea na Caicedo, 115. Ungeenda Juni na pesa mfukoni mngeongea vizuri. Unaenda mwisho wa Agosti, pesa umeshamaliza kwa washambuliaji, na muuzaji ameona ukitolewa na Grimsby, anajua umeshikwa pabaya. Bei itapunguzwa na nani? Kila mtu amewahi kununua kitu soko la Jubilee anajua, ukionyesha shida yako kwa uso umeisha.

Upande wa kipa ni kelele nyingine, Martinez wa Villa ama yule Mbelgiji Lammens wa Antwerp. Mimi hapo sina ugomvi, leteni yeyote mwenye mikono.

Na niwaambie kitu kimoja watu wa Kisumu, nyinyi zaidi ya wote hamna kisingizio. Si mlikuwa Gor Mahia ile ya 2015? Msimu mzima bila kupoteza mechi ya ligi. Leo ukiuliza mtu atakutajia Olunga, atakutajia Kagere, ataimba mpaka sauti ikauke. Nani anamtaja Khalid Aucho? Yule Mganda alikuwa anasimama pale katikati anakusanya kila kitu, Olunga anapata mpira umeshasafishwa kazi yake ni kuweka ndani. Angalieni baada ya Gor alizunguka wapi na wapi mpaka akaja kubeba ligi na Yanga miaka na miaka. Hata Mkenya aliyecheza Ligi Kuu ya Uingereza mkajivunia mkavaa jezi yake, Wanyama, alikuwa nani? Straika? Alikuwa namba sita, kiungo mkabaji! Mnajua hii mambo vizuri kabisa, ni vile tu jina la namba sita halinogi kwa madgadi.

Sasa wewe ndugu yangu wa boda, unajijua, sikutaji. Wiki iliyopita mbele ya watu wote uliapa Baleba atakuja kabla dirisha lifungwe, mimi nikasema haji, tukaweka ngege mmoja mzima wa kukaanga, saizi ya kujaza sahani, pale Dunga. Dirisha linafungwa Jumatatu saa tatu usiku saa zetu. Niko hapa.

---

NIMERUDI. Jumatatu 1 Septemba, saa nne kasoro usiku.

Nianze na Jumamosi. Tulipiga Burnley 3-2, sawa, nimeona, msinirushie picha. Tuliongoza mara mbili dhidi ya timu imetoka kupanda daraja, wakasawazisha mara mbili, na tukaokolewa na penalti ya Bruno dakika ya 97. Bila hiyo mngekuwa mnalia. Mlivyoshangilia mngedhani ni fainali, na yule mwalimu akanigeukia eti "unaona sasa mabao?" Mwalimu, mabao nimeyaona. Hata yale mawili ya Burnley niliyaona.

Dirisha limefungwa. Lammens amekuja, karibu sana kijana, Mungu akulinde. Garnacho ameenda Chelsea, Antony Betis, Sancho Villa kwa mkopo, na Hojlund ameenda Napoli kwa mkopo, kule kule kwa McTominay, nadhani karibuni Napoli watatuomba tuwape na uwanja. Mainoo alitaka kutoka kwa mkopo akakataliwa, kwa hivyo kijana hachezi na haondoki, amekuwa kama gari la marehemu linagombaniwa na familia.

Kiungo mpya: SIFURI. Hakuna. Si Baleba, si mtu mwingine, hata wa mkopo, hata mzee. Saa mbili na nusu bado kulikuwa na watu wawili pale stage wameshika simu moja wanasema "kuna kitu kinakuja, mnangoja muone." Stima ikapotea. Ikarudi saa tatu na dakika kumi. Hakukuwa na kitu.

Sasa nimempigia ndugu yangu wa boda. Mara ya kwanza hakushika. Mara ya pili akashika akasema yuko na abiria, na nasikia wazi kabisa sauti za kibanda nyuma yake. Mara ya tatu ndio akanipa hii, na naiandika hapa mshuhudie: eti Baleba atakuja Januari, kwa hivyo ubishi wetu bado unaendelea, haujaisha, umesogezwa tu.

Omera. Tulisema DIRISHA. Mwalimu alikuwa hapo, fundi wa simu alikuwa hapo, mama wa chapati alikuwa hapo na yeye hata si shabiki wa mtu. Dirisha limefungwa. Kesho jioni nikitoka sokoni nakuja stage na begi yangu ya nyanya unanibeba mpaka Dunga, nauli ni juu yako, na ngege iwe nzima, na kichwa chake.

Na unga pia ni wewe.